Paja la Nguruwe Tanurini: Chumvi, Majani na Saa

Paja zima la nguruwe, likiwa bichi, lenye ngozi yake na mfupa wake, ni kipande cha nyama kinachomtia mpishi hofu kabla hajakigusa kwa kisu. Nguruwe aliye hai wa kilo 100 hivi hutoa paja la kilo 9 au 10, nalo likiwekwa mezani huwa na umbo la gudulia lililolazwa ubavu: upande mmoja mnene, penye nyonga, upande wa pili mwembamba, penye muundi, na ndani yake, likipita mshazari, fupa la paja, ambalo ndilo litakaloamua saa ya kula kuliko mpishi mwenyewe au wageni wake.

Ninaposema bichi nakusudia paja ambalo halikupita katika chumvi ya miezi wala katika moshi. Liko paja jingine, mashuhuri kuliko hili, ambalo watu wa Parma huko Italia hulikandika chumvi, kisha hulitundika penye upepo kwa muda upitao mwaka, likaliwa bila ya kuonja moto. Na liko lile la Waingereza na Wamarekani, lililolowekwa katika maji ya chumvi na kufukizwa moshi, ambalo shahamu yake huchomekwa karafuu mojamoja, safu kwa safu, kama misumari ya shaba katika mlango wa Kiunguja, karafuu ileile ambayo Unguja na Pemba ziliongoza dunia kwa kuizalisha katika karne ya 19, ikasafiri hata ikafika kwenye meza ambazo wengi wa wachumaji wake wasingekaa kula. Mapaja hayo yamekwisha kupata ladha kabla ya moto. Paja bichi halina akiba hiyo, na kila ladha litakayokuwa nayo sharti ipatikane katika siku mbili tatu za matayarisho na saa chache za tanuri. Basi masala yenyewe ni haya: ladha na ulaini wa nyama hii hutoka wapi? Vitabu vya upishi aghalabu hujibu kwa kutaja majani, rozimari na seji na shamari, kana kwamba manukato hayo hupenya mpaka mfupani. Rai yangu ni kwamba hayapenyi. Kwamba kazi ya batini ni ya chumvi na ya saa. Na kwamba majani yana milki yao wenyewe, nayo ni shahamu, ambamo yakiwekwa hutawala bila mpinzani.

Najua kwamba miongoni mwa wasomaji wa lugha hii wako wengi, hasa wa pwani, ambao nyama hii kwao ni haramu kwa amri ya dini, kama ilivyo kwa Wayahudi na kwa baadhi ya Wakristo, Wasabato mathalan. Simshawishi mtu. Msomaji wa namna hiyo anaweza kuweka paja la ndama mahali pa paja la nguruwe, na karibu kila hoja itakayofuata itasimama kama ilivyo, isipokuwa habari za ngozi na za minyoo.

Tuanze na maumbile ya nyama yenyewe, maana mpishi asiyeyajua hupigana na kitu asichokiona. Bega la nguruwe lina shahamu nyingi iliyotambaa baina ya misuli, pamoja na tando na kano zinazozifunga nyama pamoja, zilizojengwa kwa kitu ambacho wataalamu hukiita kolajeni; na kolajeni, ikikaa muda mrefu katika joto lipitalo nyuzi 70, huyeyuka ikawa jelatini, ule utelezi mtamu unaoshika midomo. Kwa sababu hiyo bega huvumilia kupikwa hata nyuzi 90, likachambuka kwa uma na bado likawa na majimaji. Paja si hivyo. Shahamu yake kubwa imekaa nje, chini ya ngozi, kama blanketi, na ndani ni misuli mikubwa iliyokonda, ambayo huanza kujikunyata joto likifika nyuzi 50 hivi, na likipita 66 hujikamua maji yake kama nguo mikononi mwa dobi. Huko Puerto Rico nyama iokwayo kwa sikukuu ya Krismasi huitwa pernil, jina linalotokana na neno la Kilatini la paja, walakini leo wapishi wengi wa kisiwa hicho hutumia bega na jina limebaki lilelile. Wala siwalaumu, kwa kuwa wao hupenda nyama ichambuke, na jambo hilo bega hulikubali na paja hulikataa. Anayechagua paja amechagua nyama ya kukatwa vipande vyembamba, vyenye umbo na rangi, wala asilitake liwe bega.

Ugumu wa pili ni unene, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Mtu hudhani kwamba nyama yenye unene mara mbili itataka muda mara mbili. Sivyo hata kidogo. Hari husafiri ndani ya nyama polepole sana, na unene ukiongezeka mara mbili, muda wa kufika katikati huongezeka takriban mara nne. Kwa hiyo paja la kilo 9 lenye mfupa, katika tanuri la nyuzi 160, huhitaji aghalabu baina ya saa 6 na 8, na ukitaka kufupisha saa hizo kwa kuongeza moto, utakachopata ni nyama yenye mikoa mitatu: ukoko mweusi nje, nyama kavu chini yake, na ubichi penye mfupa. Niliyaona hayo kwa macho yangu Krismasi moja katika nyanda za juu, tulipoweka paja juu ya makaa ya magogo tangu asubuhi, tukilizungusha na kulisifu kwa rangi yake, kisha saa ya kula kisu kilipogonga fupa nyama iliyofunguka ilikuwa na rangi ya ulimi, baridi, inayong'aa. Watoto walikuwa wamekwisha kaa mkekani na sahani zao, na ikabidi paja likatwekatwe vipande, litiwe katika sufuria ya mafuta. Mwaka uliofuata tulilipeleka kwa mwoka mikate wa jirani, mzee mwenye tanuri la matofali, ambaye alilipokea saa nne ya usiku, baada ya mkate wa mwisho kutoka, akalisukuma ndani kwa koleo lake refu la mbao na kuziba mlango. Nilimwuliza, "Mzee, hutaongeza kuni?" Akanijibu, "Mwalimu, tanuri likishatoa mkate halitaki kuni tena. Lipe nyama, ukalale." Alfajiri lilitoka likiwa limeiva sawasawa toka ngozi mpaka mfupa, na hapo nilifahamu kwamba joto linaloshuka taratibu, lisilo na haraka ya kupita upande wa nje, ndilo linaloipa batini ya nyama nafasi ya kumfikia mwenzake wa dhahiri. Waingereza wa miji, katika karne ya 19, walikuwa na desturi hiyohiyo: maskini wasiokuwa na jiko la kuoka walibeba nyama yao ya Jumapili hadi kwa mwoka mikate, nao waliila ikiwa nzuri pengine kuliko ya tajiri mwenye moto mkali.

Kuhusu moto mkali, ipo imani moja iliyodumu kupita kiasi. Justus von Liebig, mkemia mkubwa wa Kijerumani, alifundisha mnamo 1847 kwamba nyama ikichomwa kwanza kwa joto kali hufunga vinyweleo vyake na kuyazuia maji yasitoke, na wapishi wa Ulaya wakalipokea fundisho hilo kama wahyi. Mtu mwenye masikio angeliweza kulikanusha jikoni kwake: ule mlio wa nyama katika chuma cha moto, usiokoma hata baada ya uso kukauka, ni mlio wa maji yanayotoka. Moto mkali una faida yake, nayo ni rangi ya kahawia na harufu ambayo Louis-Camille Maillard, Mfaransa, alianza kuieleza kikemia mwaka 1912. Lakini faida hiyo ni ya uso, na huweza kupatikana mwishoni kama mwanzoni, tena mwishoni kwa uzuri zaidi.

Tuje kwenye chumvi, ambayo vitabu huipa mstari mmoja ilhali inastahili ukurasa. Katika vyote ambavyo mpishi hupaka juu ya nyama, chumvi ndiyo hasa isafiriyo. Kwanza hunyonya maji ya uso, nawe baada ya nusu saa utaliona paja limetoka jasho. Kisha jasho hilo huiyeyusha chumvi, na chumvi iliyoyeyuka huanza kurudi ndani, kidogokidogo, kwa siku na si kwa saa. Popote inapofika hulegeza mshikamano wa misuli ili isijikamue sana katika moto, ndiyo maana nyama iliyokaa na chumvi hubaki na maji hata ikizidishwa moto kidogo. Kipimo ninachokiamini ni gramu 15 kwa kila kilo, yaani gramu 135 kwa paja la kilo 9, zikipakwa kote, na zaidi upande wa nyonga ambako nyama ni nene na haina ngozi. Kisha paja likae siku mbili au tatu ndani ya friji, bila kufunikwa, ngozi ikitazama juu. Asiyekuwa na friji asijaribu siku hizo tatu katika hali ya hewa yetu, maana nyama bichi haistahimili joto letu. Na alipake chumvi saa moja tu kabla ya tanuri, akijua kwamba chumvi yake itaishia karibu na uso, na kwamba itambidi kuitia tena katika mchuzi.

Majani hayana safari hiyo. Harufu ya rozimari, ya seji na ya shamari hukaa katika mafuta ya jani, nayo mafuta hayo hupenda mafuta wenziwe na hukimbia maji, ilhali msuli wa nyama, ukiutazama kwa haki, sehemu yake kubwa ni maji. Paka rozimari juu ya paja, liache usiku kucha, lioke kwa saa saba, kisha kata kipande cha kati karibu na mfupa ukitie kinywani peke yake: utaonja nyama na chumvi, na rozimari utaisikia puani tu, kwa kuwa nyumba nzima inanukia. Hata kitunguu saumu kinachochomekwa katika matundu ya kisu hunukisha pembezoni mwa tundu lake na si zaidi. Je, tuyatupe majani? La hasha. Tujifunze kwa walioyajua kwa muda mrefu mahali pake pa kukaa.

Ariccia ni mji mdogo juu ya vilima vilivyo kusini-mashariki mwa Roma, na nyama yake ya porchetta, ambayo tangu 1950 imewekewa sikukuu yake mjini hapo na mwaka 2011 ikapata ulinzi wa jina katika Umoja wa Ulaya, huonyesha jibu hilo waziwazi. Nguruwe hutolewa mifupa yote, hufunguliwa kama kitabu, hupakwa chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu na rozimari katika uso wa ndani, kisha hufungwa kwa kamba na kuokwa kwa saa nyingi. Tazama hikima yake: kwa kuondoa mfupa wameigeuza batini kuwa dhahiri, wakaipaka majani, kisha wakaifunga tena, na kwa kuwa huikata vipande vyembamba, kila kipande hutoka na mstari wake wa kijani uliolala kando ya shahamu. Ukienda Umbria, upande wa kaskazini, utakuta mahali pa rozimari pameshikwa na shamari ya mwituni, na watu wa pande hizo mbili watabishana juu ya jani, ilhali ufundi ulio chini ya jani ni uleule. Nasi tunaweza kuufuata kwa paja moja: tukate kando ya fupa, tukifuata njia ambazo maumbile yameziacha baina ya msuli na msuli, tusukumie humo majani yaliyotwangwa na chumvi, kitunguu saumu na mafuta, halafu tulifunge kwa uzi; na yaliyobaki tuyaweke chini ya ngozi, ambako shahamu ikiyeyuka itayabeba, kamwe si juu yake, kwa kuwa jani lililo wazi huungua na kuwa chungu muda mrefu kabla nyama haijaiva.

Wakuba wana njia nyingine, ya kimiminika, nayo mtu wa pwani ataitambua upesi. Usiku wa kuamkia Krismasi huoka nguruwe aliyelowekwa katika maji ya madanzi, yaliyotiwa kitunguu saumu kilichopondwa, bizari nyembamba na oregano. Danzi hilo ni tunda ambalo Waarabu walilifikisha Andalusia, na Wahispania wakalivusha bahari mpaka visiwa vya Karibi. Ukali wake nao hauendi mbali ndani ya nyama, tena ukiachwa siku nyingi huufanya uso uwe mlaini kama uliokwisha kuchemshwa. Lakini Wakuba huhifadhi sehemu ya maji hayo na kuimwagia nyama ikiisha kukatwa, na kwangu hilo ndilo tendo bora la mapishi yao yote, kwani huipeleka ladha kwa kipande kilichofunguliwa badala ya kuisubiri ipenye ukuta.

Sasa niingie katika jambo lisilo la ladha, ambalo mwandishi wa habari za nguruwe hana ruhusa ya kulipita. Mwaka 1835, katika hospitali ya St Bartholomew's mjini London, mwanafunzi wa uganga James Paget aliona chembe nyeupe katika misuli ya maiti aliyokuwa akiipasua, akazitazama kwa hadubini na kukuta kila chembe ina mnyoo aliyejikunja. Miaka 25 baadaye, mjini Dresden, Friedrich Zenker alichunguza maiti ya mtumishi wa kike kijana, akawakuta minyoo haohao katika misuli na utumbo, akafuatilia mpaka nyama ya nguruwe aliyechinjwa kwa Krismasi katika nyumba alimotumika, na hivyo ikathibitika kwamba nyama isiyoiva huua. Kutoka hapo Ulaya iliweka ukaguzi wa nyama kwa hadubini, na wapishi wakaweka hofu, hofu iliyowafanya kwa vizazi kadhaa kuoka nguruwe mpaka awe kama ubao. Ukaguzi na ufugaji wa ndani vilipompunguza mnyoo huyo, serikali ya Marekani mwaka 2011 ilishusha kipimo cha nyama nzima ya nguruwe kutoka nyuzi 71 hadi 63, pamoja na dakika tatu za kupumzika.

Kipimo hicho ni haki kwa nchi zenye ukaguzi. Kwetu hali si moja. Katika sehemu nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda nguruwe wa vijijini huzurura na kula wanachokikuta, hata kinyesi cha watu, na hupata tegu, ambaye ndani ya nyama huonekana kama vijifuko vyeupe mfano wa punje za mchele. Mtu akila vijifuko hivyo bila kuiva hupata tegu tumboni. Na mayai ya tegu huyo, yakitoka kwa choo na kuingia kinywani mwa mtu kwa mikono au maji machafu, huweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Msomaji azingatie kwamba kifafa hicho huweza kumpata hata asiyekula nguruwe maishani mwake, kwa sababu njia yake ni choo na mikono, si sahani. Kwa hiyo vyoo na kuwafungia nguruwe bandani ni sehemu ya upishi huu kama ilivyo chumvi. Kwa nyama ambayo sikuona muhuri wa mkaguzi nitaipeleka nyuzi 71 na zaidi, kipimajoto kikiwa mahali penye unene wote bila kugusa mfupa, na ukavu kidogo nitautibu kwa mchuzi. Na nyama niliyoona vijifuko ndani yake sitaipika kabisa.

Ngozi ina maneno machache lakini yana uzito. Hutaka mambo mawili yanayopingana: kwanza unyevu na upole, ili kolajeni yake ilainike, kisha ukavu na ukali, ili maji machache yaliyobaki yageuke mvuke kwa ghafla na kuivimbisha. Ikatwe kwa wembe mistari ya karibu-karibu, ifike kwenye shahamu wala isifike kwenye nyama, maana nyama ikikatwa maji yake yatapanda na kuilowesha. Ikaushwe kwa zile siku za friji. Ioke kwa upole saa zote. Na katika dakika 20 au 30 za mwisho moto upandishwe hadi nyuzi 230. Utaisikia kabla ya kuiona: mlio mdogo wa kupasuka, kama kuni mbichi, na ngozi inainuka malengelenge mpaka inakuwa nyepesi na ya kuvunjika kama kaukau. Usiondoke jikoni dakika hizo.

Mtu ataniuliza kwa nini katika miji yetu, ambako nyama hii huliwa kwa wingi, paja zima halionekani. Bara, kitimoto, yaani nyama hiihii, huuzwa kwa kilo na nusu kilo, hukatwa vipande vidogo, huivishwa katika shahamu yake yenyewe, ikawa rosti ya nyanya na vitunguu au kavu yenye ndimu, ikaliwa na ndizi. Wengine huona huo ni upungufu wa ufundi. Mimi naona ni akili timamu: kipande kidogo huiva mpaka kati kwa muda mfupi, mkaa hauliwi bure, tegu hana pa kujificha, na mteja mwenye fedha ya nusu kilo hatengwi. Fauka ya hayo, paja kubwa hutaka nguruwe mkubwa, na mfugaji mdogo mara nyingi hawezi kungoja, kwa sababu homa ya nguruwe ya Kiafrika, ambayo R. Eustace Montgomery aliieleza kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921, haimdhuru mwanadamu lakini huweza kumaliza zizi zima kwa siku chache, na uvumi wake ukisikika kila mtu huuza alicho nacho kwa umri wowote. Basi paja zima ni chakula cha siku kubwa na cha watu wengi, pengine ishirini, nalo litapata nafasi kwetu pale tu penye tanuri la mwoka mikate lililokwisha kazi na watu waliokubaliana kuchangia.

Likitoka, lisikatwe. Joto la nje huendelea kutembea kuelekea ndani, na katika nyama kubwa kama hii kipimajoto huweza kupanda nyuzi tano au zaidi kikiwa juu ya meza, kwa hiyo mpishi mwelevu hulitoa mapema kidogo na kulingoja nusu saa au dakika 40, bila kulifunika ngozi isije ikalowa. Muda huo ndio wa mchuzi: mafuta yaliyo chini ya sinia, ambayo kwa saa zote hizo yamekuwa yakinywa rozimari na kitunguu saumu, yaenguliwe na kuwekwa kando, ukoko wa kahawia ulioshika sinia ukwanguliwe kwa maji ya moto, kisha kijiko kimoja cha yale mafuta kirudishwe, maana humo ndimo majani yote yalimokuwa yakiishi. Anza kukata upande wa nyonga, ukiivua ngozi kwanza na kuivunja kwa mkono, kisha kisu kiende mkabala na nyuzinyuzi za nyama, vipande vyembamba kiasi cha mwanga kupita, na kila sahani ipate kidogo cha nje chenye majani na kidogo cha ndani chenye chumvi peke yake.

Asubuhi ya pili, nyama iliyobaki, ikiwa baridi, hukatika vizuri zaidi ya usiku, na mtu akiila na mkate na pilipili ya kusaga atagundua kwamba rozimari, iliyokuwa imefichwa na mvuke, sasa inasikika wazi katika ule ukingo mweupe wa shahamu iliyoganda. Fupa nalo, likiwa bado na nyama kwenye mikunjo yake, huingia katika chungu cha maharage tangu saa mbili ya asubuhi, na kufikia adhuhuri kano za muundi zimeyeyuka, maharage yana utelezi, na hakuna aliyekuwa jikoni anayehitaji kuitwa mara mbili.